Karatasi Namba Saba

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Kabla hujaendelea, tafadhali funga mlango wa chumba cha cherehani. Kama kuna mteja amekaa kwenye benchi anasubiri kupimwa, iweke barua hii chini ya kitambaa mpaka aondoke. Nakuomba neno hata moja lisitoke nje ya kichwa chako. Ukimaliza kusoma, ichome. Mimi nimebaki na nakala, kwa hiyo hakuna kitakachopotea.

Naandika kwa sababu simu haifai. Wewe ukishika simu unaongea kama unamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, na chumba changu kimetenganishwa na cha jirani kwa mbao tu. Simu ya ofisini ndiyo usiseme. Iko juu ya meza ya yule mwenzangu tunayemwita Redio, na jina hilo hakupewa kwa kuonewa.

Nimeamua kwenda kupunguzwa matiti.

Sentensi hiyo nimeiandika kwanza kwenye karatasi chafu mara tatu, nikaichana. Wewe ndiye uliyenishonea tangu nina miaka kumi na miwili, kwa hiyo vipimo unavijua. Usichokijua ni kwamba mabega yangu yana mifereji miwili ya mikanda ya sidiria, kidole kinazama. Chini ya matiti ngozi inachubuka kila joto likizidi, naweka poda na kitambaa cha pamba na bado inawaka. Shingo inauma nikiamka, mgongo unauma nikilala. Kazini napita kwenye korido nimekumbatia faili kifuani. Hata kama sina faili la kupeleka popote, nachukua lolote. Mkuu wa masjala aliwahi kunisifu mbele ya watu kwamba karani huyu hatembei mikono mitupu. Watu walicheka. Ni mwaka wa pili sasa, bado nafikiria walicheka nini.

Mwezi uliopita nilikwenda hospitali. Daktari wa upasuaji alinipima akasema mgongo wangu hauna kosa lolote, umechoka kubeba tu. Nikapewa fomu ya kurasa nne. Mimi na fomu unatujua. Pasipo na jibu naandika Hakuna, sipaachi wazi, kwa sababu nafasi iliyoachwa wazi mtu mwingine anaweza kuijaza. Dawa unazotumia: Hakuna. Sigara: Hakuna. Watoto: Hakuna. Ugonjwa wa matiti katika ukoo: Hakuna. Nikatia sahihi, nikarudisha.

Kazini nimeomba likizo ya ugonjwa na mahali pa sababu nimeandika "mgongo". Redio ameshaniuliza mara mbili mgongo huo unatibiwa wapi.

Nina maombi mawili. La kwanza, uje ukae nami wiki mbili, maana nimeambiwa sitaweza kuinua mikono juu ya mabega wala kubeba hata ndoo. La pili, unishonee blauzi tatu za kufunguka mbele.

Mtoto wako,
Pindo


Jumanne, 12 Machi

Pindo mwanangu,

Barua yako imefika imebanwa kwa gundi na pini za stepla sita. Kuifungua nimejitoboa kidole, mimi niliyeshika sindano miaka arobaini. Sikuichoma, kiberiti kimelowa. Nimeishonea ndani ya mto wa kiti changu na sasa hivi nimeikalia. Atakayeitaka aje aninyanyue kwanza, na uzito wangu unaujua.

Sasa nisikilize. Kifua ni chako na mgongo ni wako, sikukatazi. Lakini mwili wa kwetu ndivyo ulivyo. Bibi yako alikuwa hivyo, na mimi nilikuwa hivyo kabla umri haujashusha bendera. Kuna mishono. Nimekutengenezea nguo miaka yote hii, nani amewahi kukuona vibaya? Nitakushonea sidiria yenye mikanda mipana ya turubai, utabeba mpaka gunia la chumvi.

Halafu, hospitali ipi hiyo? Daktari nani? Kabla ya kukata wanaangalia kitu gani, wanapiga picha ya ndani, au wanakata tu kama pazia? Na hiyo fomu nani alikwambia uijaze peke yako, bila mtu mzima pembeni? Fomu ya hospitali si fomu ya kuazima faili.

Subiri mwaka mmoja. Mwaka ni nini kwa mtoto wa miaka ishirini na sita.

Mteja ananiita. Ana bega moja liko juu, lingine chini, na anataka nimshonee kama yako sawa.

Shangazi yako


Jumanne, 19 Machi

Shangazi,

Umeniuliza maswali manne. Nayajibu yote, kisha nitasema kitu.

Hospitali ni ile kubwa yenye geti la kijani, nyuma ya stendi. Daktari ndiye mkuu wa upasuaji wa kurekebisha mwili. Hawakati kama pazia. Nilikwenda tena wiki iliyopita nikiwa na maswali yangu thelathini na moja, nimeyaandika kwa namba, naye akajibu yote. Mtu anayejibu maswali thelathini na moja bila kutazama saa ananitia wasiwasi, lakini nakuandikia alivyosema.

Alinichorea kwa kalamu. Kovu la kwanza linazunguka chuchu, la pili linashuka wima, la tatu linakaa chini kwenye mkunjo wa titi. Ukiyatazama yote pamoja ni kama nanga. Yatakuwa mekundu kwa miezi, yatafifia kwa mwaka au zaidi, kufutika hayatafutika. Chuchu inaweza kupoteza hisia, kwa muda au moja kwa moja. Matiti mawili hayatalingana kabisa, na akasema hata sasa hayalingani. Kunyonyesha baadaye, wengine wanaweza, wengine wanapata maziwa nusu, wengine hawapati kabisa, kwa hiyo anayetaka mtoto karibuni ni bora asubiri. Nikamwambia sina mchumba. Akasema hakuuliza habari za mchumba.

Wiki mbili kabla nisiguse aspirini wala dawa za mitishamba, kwa sababu damu inachelewa kuganda. Sigara aliniuliza mara mbili, kana kwamba nilimdanganya mara ya kwanza. Unene wangu usipande wala kushuka. Nikiamka huenda nikakuta mirija midogo miwili ubavuni ya kutoa majimaji. Nitavaa sidiria isiyo na waya mchana kutwa na nikilala, na kwa wiki sita sitapanda ngazi ya rafu za juu masjala. Nikiona homa, au upande mmoja unavimba kuliko mwingine, nirudi siku hiyohiyo, nisingoje miadi.

Fomu niliijaza peke yangu, hakuna aliyeniambia. Picha ya ndani hakuitaja mpaka nilipouliza. Alitazama fomu yangu akasema kwa umri wangu, na kwa kuwa kwetu hakuna historia, si lazima. Siku imepangwa, Jumanne tarehe 16 Aprili.

Na hili ndilo la kusema. Umeuliza maswali manne, langu moja hukulijibu. Sikuona mahali popote ulipoandika kwamba utakuja. Nimeisoma barua yako nyuma na mbele.

Mtoto wako,
Pindo


Alhamisi, 28 Machi

Pindo,

Umekuwa hakimu sasa, unapekua barua za watu. Nitakuja. Nimebanwa na sare za shule, jozi sitini na mbili, na kitambaa chenyewe kinachuja rangi mpaka mikono yangu imekuwa ya buluu kama ya fundi rangi. Lakini nitakuja.

Ila waambie wakupige hiyo picha ya ndani kwanza. Waambie wewe mwenyewe unataka. Wakikuambia siku isogezwe, kubali, usibishane nao kwa vifungu. Daktari si mkuu wa masjala.

Na ujizoeze kutembea kabla ya siku yenyewe. Kwa pumzi zako hizo, zile ngazi za ghorofa ya tatu zitakumaliza kabla ya kisu, na lifti yenyewe ilishakufa.

Kula vizuri. Usiseme na watu wengi.

Shangazi yako


Ijumaa, 5 Aprili

Shangazi,

Kuna mtu anachezea mambo yangu. Naandika nikiwa nimefunga dirisha.

Jumatano niliitwa hospitali bila miadi. Daktari alikuwa na faili langu mbele yake. Hakunisalimu kwa utani kama siku zote.

"Hapa umeandika Hakuna," akasema. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Mama yako yuko wapi?"

"Alifariki nikiwa na miaka minne."

"Kwa ugonjwa gani?"

"Moyo."

"Nani alikuambia?"

Nikamwambia kila mtu. Baba mpaka anafariki alisema moyo. Akaandika kitu, akasema tarehe 16 imefutwa, na kwamba nitapigwa picha ya ndani kwanza, ile ya mawimbi ya sauti, pande zote mbili. Nikamuuliza kwa nini, wakati mwezi uliopita haikuwa lazima. Akasema upasuaji huacha makovu ndani pia, na makovu hayo yanaweza kuwachanganya wanaosoma picha miaka ya mbele, kwa hiyo ni vizuri kuwa na picha ya kabla. Jibu zuri sana. Lilikuwa zuri hata mwezi uliopita, kwa nini hakulitoa?

Halafu wakafanya kosa. Mhudumu hakuwepo, nikapewa faili nilipeleke mwenyewe chumba cha picha, chini kabisa. Kumpa faili karani wa masjala ashuke nalo ngazi peke yake. Nilisimama kwenye kona nikalikagua kama nilivyofundishwa. Kila karatasi ina namba kwa wino mwekundu, kona ya juu kulia. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, nane.

Saba haipo.

Na haikuanguka yenyewe. Kwenye kamba ya faili kimebaki kipande kidogo cha karatasi kama ukucha, pale ilipochanika ikitolewa. Ni karatasi ya mirabamiraba, mistari ya buluu. Karatasi za hospitali ni nyeupe tupu. Nimekichukua, nimekiweka ndani ya bahasha, nimeandika tarehe na saa.

Nilirudi juu nikamuuliza daktari saba iko wapi. Aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Ipo. Nimeombwa nisikuonyeshe. Sitakudanganya kwamba haipo." Nikasema faili ni langu. Akasema, "Rudi kwenu uulize."

Nirudi kwetu wapi, Shangazi? Kwetu ni wewe. Mimi namfikiria Redio. Dada yake anafanya kazi mapokezi palepale, na Redio amekuwa akinitazama. Labda ameandika barua ya kunichafua, labda amesema nina kichaa, au nina mimba. Jumatatu nitamkabili.

Pindo


Jumatano, 10 Aprili

Pindo,

Blauzi tatu ndizo hizi. Vifungo ni vikubwa, utaviweza kwa mkono mmoja. Pembeni nimeacha kitambaa cha akiba kwa sababu sijui utatoka na vipimo gani. Mishono ya kwapa nimeilaza ndani isikukwaruze.

Huyo Redio mwache. Na hiyo karatasi iache pia. Karatasi hupotea kila siku.

Shangazi


Ijumaa, 12 Aprili

Shangazi,

Blauzi zimefika. Zimeshonwa vizuri.

Nilimkabili Redio Jumatatu, chumba cha rafu, mlango ukiwa umefungwa. Nikamuuliza ameweka nini kwenye faili langu.

"Faili lipi, dada?" akasema. "Humu ndani yamo elfu nane."

"La hospitali."

Akaniangalia muda mrefu, mpaka nikaokota faili nikalikumbatia. Akasema, "Kumbe ni hilo. Mimi nilishajua mgongo wako ni mgongo gani. Dada yangu yule wa mapokezi naye alipunguzwa, miaka mitatu iliyopita. Hakunipa siri yako, niliotea mwenyewe. Nilitaka kukuambia ununue mto mkubwa wa kuegemea, maana utalala umekaa nusu kwa wiki kadhaa, na uvishushe vyombo vya juu jikoni viwe usawa wa kiuno kabla hujaingia wodini. Lakini wewe nikifungua mdomo tu, unaondoka na faili."

Nilimwomba radhi. Alisema si kitu, ila asubuhi ile alinyamaza mpaka saa sita, na ofisi nzima ikauliza kama anaumwa.

Sasa ni zamu yako.

Katika ule mfuko wa blauzi barua yako uliiandika kwenye karatasi ya daftari la vipimo. Mirabamiraba, mistari ya buluu. Barua zako nyingine zote ni za karatasi ya kawaida, safari hii ulikuwa na haraka. Nimekiweka kile kipande cha hospitali juu yake. Miraba inalingana, na buluu ni ileile.

Na si hilo tu. Nimesoma nakala za barua zangu zote kwako. Nimekuandikia geti la kijani. Nimekuandikia stendi. Sijakuandikia popote kwamba daktari yuko ghorofa ya tatu, wala kwamba lifti ni mbovu. Wewe ndiye uliyeniandikia mimi, tarehe 28 Machi, mstari wa tisa.

Ulikwenda. Ulipanda ngazi zile na goti lako hilo, ukaweka karatasi kwenye faili langu, ukashuka, ukaniandikia habari za sare za shule.

Sitakuuliza kwa upole. Mama alikufa kwa nini?

Karani


Jumanne, 16 Aprili

Mwanangu,

Leo ndiyo siku uliyokuwa ukatwe. Nimekaa tangu asubuhi sijatia uzi kwenye sindano.

Nilikwenda. Jumatatu ya tarehe 25. Kabla ya kupanda nilipita nje ya ofisi yenu, nikakuona dirishani umekumbatia faili, unatembea upesi kama unafukuzwa. Nilitaka kugonga kioo. Nikaendelea.

Daktari alikataa kunieleza habari zako hata moja, na alifanya vizuri. Nikamwachia barua. Nesi akaitoboa akaitia kwenye faili palepale na namba akaweka. Ndipo nikakumbuka wewe ni nani. Nikamwambia daktari, mtoto huyu akipewa faili la choo atalisoma, akiona mwandiko wangu nimekwisha. Nikamwomba aitoe. Akaivuta ikachanika. Alisema ataiweka kwenye droo, lakini ukimuuliza hatakudanganya. Nikasema sawa. Nilidhani hutauliza. Nimekulea miaka ishirini na mbili, na bado nilidhani hutauliza.

Mama yako hakufa kwa moyo.

Alikuja kwangu kupimwa gauni la harusi ya mdogo wake. Wewe ulikuwa na miaka mitatu kasoro, umeshika upindo wa sketi yangu, ndipo nilipoanza kukuita hivyo. Nilipitisha futi kifuani kwake. Upande wa kushoto ulikuwa umevutwa ndani, kama mshono uliokazwa uzi mno. Nikabonyeza. Palikuwa pagumu. Nikatoa mkono, tukatazamana kwenye kioo. Akasema, "Wifi, usiseme kitu. Shona tu isionekane." Nikamwambia twende hospitali. Akasema baada ya harusi. Akaniapisha kwa kichwa chako.

Nikashona. Nilikata upande mmoja mpana kuliko mwingine, nikatia pamba, nikaweka mkunjo juu yake. Lilimkaa vizuri kuliko gauni lolote nililoshona maishani mwangu. Watu walimsifu siku nzima. Walinisifu na mimi.

Baada ya harusi ikawa baada ya mavuno, ikawa baada ya sikukuu. Alipokwenda hospitali, waliniambia mimi, si yeye, kwamba angekuja mapema wangeweza kufanya kitu. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kaka yangu akasema tuseme moyo, mtoto asikue akitazamwa. Nikakubali, kwa sababu ilinifaa. Moyo haukuniuliza nilikuwa wapi na futi langu.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinilalamikia kwamba nikikupima nina mikono mizito, nabonyeza? Sikuwa nakupima, Pindo. Nilikuwa nakukagua. Kila gauni. Miaka kumi na minne.

Uliposema unataka kukatwa nilisema subiri kwa sababu niliogopa watakachokikuta. Kisha niliogopa zaidi wasipotazama. Ile "Hakuna" yako mimi ndiye niliyeiandika, wewe uliinakili tu.

Gauni ninalo. Liko chini kabisa ya sanduku.

Shangazi yako


Jumatatu, 6 Mei

Shangazi,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Barua yako nimeisoma mara sita. Mara mbili za kwanza nililia. Mara nne zilizobaki nilikuwa natafuta ghorofa ya tatu nyingine, kitu kilichokuponyoka bila kujua. Sijakiona. Sijui kama ni kwa sababu hakipo.

Nilimpelekea daktari barua yako. Akafungua droo, akaitoa ile nyingine, akaniachia nizisome pamoja. Zinakubaliana. Kisha nikaomba fomu yangu. Hatufuti kwa wino mweupe masjala, unajua. Nimepiga mstari mmoja juu ya Hakuna ili chini yake paendelee kusomeka, nikaandika pembeni: Mama mzazi, saratani ya titi, miaka 31. Nikaweka tarehe na sahihi. Karatasi namba saba imerudi mahali pake. Nimeishika mimi mwenyewe wakati nesi anaitoboa.

Majibu ya picha ni haya. Hawakuona kitu cha kutisha upande wowote. Waliniambia hivyo kwa mdomo, nikaomba waandike. Wamechukua pia damu kuangalia kama kuna kitu nimekirithi, majibu yatachukua muda, nikasema nitangoja ndipo tuendelee. Yalikuja Ijumaa. Nimeyasoma kabla daktari hajanieleza, kisha nikamwacha anieleze. Walichokuwa wanakitafuta hawakukipata. Daktari alisema hilo halimaanishi mlango umefungwa, maana si kila kinachorithiwa wanaweza kukipima. Kwa hiyo nitapigwa picha kila mwaka, na kitakachokatwa siku ya upasuaji chote kitapelekwa maabara. Niliuliza nani atakipeleka, kwa mkono gani, kwenye chombo chenye lebo gani. Alinionyesha lebo.

Nimesema ndiyo. Nimefikiria sana kama nasema ndiyo kwa sababu ya mgongo, au kwa sababu ya hofu. Ni mgongo. Hofu sasa ina picha yake ya kila mwaka na faili lake, ikae humo.

Kukusamehe sijakusamehe. Naona ni vizuri uwe na maandishi ya hilo. Lakini vyombo vya jikoni nimeshavishusha, mto nimenunua, na blauzi nimezifua mara moja ili zilainike. Nilipokuwa nazipiga pasi niliona kile kitambaa cha akiba. Umeacha inchi mbili kila upande. Hujawahi kuacha zaidi ya moja.

Naingia wodini Jumatano jioni. Nakatwa Alhamisi asubuhi, tarehe 9. Sasa fuata haya kama nilivyoyaandika.

Usipige simu. Hospitalini watakuuliza unamtafuta nani na wewe utajibu kwa sauti yako ile, mtaa mzima utajua.

Panda gari la asubuhi Alhamisi. Redio atakuwa amesimama kwenye geti la kijani kuanzia saa nane mchana. Utamsikia kabla hujamwona. Mfuate, usimweleze kitu, tayari anajua cha kutosha.

Lifti bado mbovu. Goti likiuma pumzika ghorofa ya pili, pana benchi mkono wa kushoto, lakini hilo unalijua.

Njoo na gauni la Mama. Usilifue, usilipige pasi, na usiufumue ule mshono. Nataka kuuona ulivyo.

Mlangoni pa wodi kuna nesi mwenye daftari. Wanaingiza mtu mmoja tu kwa mgonjwa, yule aliyeandikwa kwenye fomu kama ndugu wa karibu. Nafasi hiyo ilikuwa na neno Shangazi. Nimepiga mstari mmoja juu yake, nimeweka tarehe na sahihi, nikaandika pembeni. Kwa hiyo nesi akikuuliza wewe ni nani, mwambie: mimi ni mama yake.

Usiongeze neno lingine. Kunyamaza unajua.

Kitanda cha kumi na moja, upande wa dirisha. Nikiwa nimelala, niamshe.

Pindo